Jiwe, nondo au nanga ya bapa: kipi kifae chombo kidogo cha uvuvi panapopita matanga

Ulinganisho huu unahusu vyombo vya mita 4 hadi 8 vya pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara: mtumbwi, ngalawa, dau dogo na boti ya faiba yenye injini ya nyuma. Vyombo hivi hutia nanga palepale panapopita mashua za abiria, majahazi ya mizigo na yoti za wageni. Kwa hiyo nanga yako ina kazi mbili: ikushike, na ikushike mahali ambapo mwenzako anatarajia kukukuta. Muuza vifaa atakueleza kazi ya kwanza tu, tena kwa kilo. Kilo zina maana ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kinachoamua ni hali ya chini ya maji, urefu wa amari (kamba au mnyororo wa nanga), na nani mwingine anapita hapo.

Jiwe

Jiwe bado limejaa kwenye mitumbwi kwa sababu halinunuliwi, na likinasa mtu hukata kamba akaendelea na safari. Udhaifu wake ni wa hesabu. Jiwe gumu la kilo 20 likizama hubaki na uzito wa kilo 12 hivi, kwa kuwa maji hulibeba. Jiwe la matumbawe lenye matundu hubaki na uzito mdogo zaidi, na tofali la zege halizidi kilo 12. Chuma cha kilo 20 ndani ya maji bado kina kilo 17 na zaidi. Halafu jiwe halichimbi. Linajikokota tu juu ya mchanga, na linapoanza kwenda haliruki wala halishtui chombo, kwa hiyo mvuvi aliyeinamia mshipi wake hajui kwamba amekwisha kusogea mita 50 kuelekea kwenye nanga ya mtu mwingine.

Lifae nani, basi? Mtumbwi wa mtu mmoja au wawili, maji mafu (siku ambazo maji hupanda na kushuka kidogo), kina kisichozidi mita 10, mshipi mkononi na macho wazi. Kwa kulala nalo, hapana. Kwa boti ya faiba, hapana hata mchana: boti ni nyepesi, ina ubavu mrefu unaoshika upepo, na jiwe la kuitosha boti hiyo halinyanyuliki na mtu mmoja bila boti kulalia upande.

Nanga ya nondo

Hii ndiyo mshindani halisi wa jiwe, na fundi yeyote wa kuchomelea anaitengeneza. Nondo nne za milimita 12, kila moja sentimita 85, zikipitishwa kwenye kipande cha bomba na ncha zake kukunjwa, zinatoa nanga ya kilo 3 hivi inayotosha mtumbwi au ngalawa. Nondo tano za milimita 16 zenye sentimita 90 zinatoa kilo 7, za kutosha boti ya mita 7 penye mawe.

Kwenye mwamba na mawe hakuna inayoishinda kwa bei yake. Ikinasa, ukivuta kwa nguvu kucha zinanyooka na nanga inatoka. Ukifika ufukweni unazikunja upya. Kwa sababu hiyo usimruhusu fundi akuongezee unene wa nondo kwa kukufurahisha. Kucha zisizonyooka zitabaki chini pamoja na kamba yako. Ila kila kukunja kunachosha chuma, na mahali kinapovunjikia ni pale shingoni, kando ya mchomeleo, ambako kutu huanza. Gonga kila kucha kwa nyundo kabla ya msimu wa kusi, upepo wa kusini. Iliyopasuka hulegea au hukatika hapohapo, na ni heri ikatike mkononi.

Kwenye mchanga inafanya kazi kama reki: inachora mistari na kupita. Kwenye nyasi za bahari inadanganya zaidi, maana inakusanya fungu la majani, unahisi imeshika, na upepo ukiongezeka fungu lote linang'oka. Na penye matumbawe hai inashika kwa kuvunja. Kichwa cha tumbawe kilichovunjwa leo ndicho kilichokuwa nyumba ya changu na tewa unaowafuata. Ndani ya hifadhi kama Kisite-Mpunguti au Mafia, palipowekwa boya funga kwenye boya. Pasipo na boya, tafuta kipande cha mchanga katikati ya mwamba, uiteremshe hapo kwa mkono huku ukiitazama.

Nanga ya bapa

Ni ile yenye mabapa mawili mapana yanayokunjika kwenye ekseli moja, maarufu kwa jina la Danforth. Kwa boti ya mita 6 au 7 chukua ya kilo 4 hadi 6, na mnyororo wa mita 3 hadi 5. Kwenye mchanga na tope inajizika, na hapo kilo 5 zake zinashinda jiwe la kilo 40 bila mashindano. Inalala bapa chini ya mbao za mbele, haiumizi mguu wa mtu usiku.

Kasoro zake ni tatu, na zote zinaonekana sana kwenye pwani yenye maji ya kujaa na kupwa. Kwanza, mkondo ukiwa mkali inaelea kama tiara wakati wa kushuka, inatua mbali na pale ulipoilenga, au inatua kichwa chini. Pili, maji yanapogeuka baada ya saa sita inang'olewa kwa nyuma, na kipande cha tumbawe au gamba la kombe likikwama kati ya mabapa haifunguki tena. Inateleza juu ya mchanga kama sahani. Tatu, kwenye mwamba haishiki, au inashika kwenye ufa na kupinda mkono wake wa kati, na ikipinda hivyo hainyooki vizuri.

Kwa maneno mengine: nanga ya bapa kwa anayelala penye mchanga, ya nondo kwa anayevua penye mawe. Mwenye kufanya yote mawili anahitaji zote mbili, na gharama ya pamoja bado ni ndogo kuliko injini iliyopigwa mwambani.

Baura na jembe

Baura ya zamani yenye mikono miwili na mti wa kukingama inapenya nyasi za bahari kuliko nanga zote za kawaida, kwa sababu uzito wake wote unakaa kwenye ncha moja nyembamba. Lakini mkono wa pili unabaki umesimama juu. Maji yakigeuka, kamba inauzunguka na kuing'oa. Maji yakipwa, chombo kinakalia ncha hiyo. Ngalawa iliyotobolewa na nanga yake mwenyewe si jambo geni. Kwa chombo kinachokauka kila siku, baura izikwe kwa mguu mpaka ncha zote ziwe chini ya mchanga, au iachwe.

Nanga za jembe na za ukucha mpana, ambazo yoti nyingi hubeba, hujigeuza na kujizika upya maji yanapobadilika. Ni bora kwa kulala. Ni ghali, hazipatikani dukani kila mji, na mvuvi wa siku moja hana sababu ya kuikopea fedha.

Kamba ya kuokolea nanga

Nanga yoyote ya chuma inayotumika penye mwamba ifungwe hivi. Usiunganishe mnyororo juu, kwenye pete. Uunganishe chini, kwenye kitako mahali kucha zinapokutania, kisha uupandishe kandokando ya mkono wa nanga na kuufunga kwenye pete kwa uzi wa kushonea nyavu, mizunguko miwili au mitatu. Nanga inashika kama kawaida. Ikinasa, leta chombo juu yake, vuta wima kwa nguvu. Uzi unakatika na nanga inatoka kinyumenyume. Mizunguko ikiwa sita haitakatika, ikiwa mmoja itakatika kwa wimbi la kwanza. Usilale na nanga iliyofungwa namna hii: upepo ukigeuka usiku uzi unaweza kukatika peke yake.

Amari: plastiki, nailoni, mnyororo

Hapa ndipo wavuvi na mabaharia wa matanga hugombana zaidi, na mara nyingi baharia ana haki. Kamba ya plastiki ya buluu au ya kijani ni rahisi, haiozi, lakini inaelea. Upepo ukilegea inatanda juu ya maji mita 10 au 20 mbele ya chombo chako. Mashua ikipita hapo usukani unaikamata, yoti inaikamata kwa mkuku (uti wa chini ya chombo) au kwa rafadha (panga la injini). Hapo una vyombo viwili kwenye nanga moja. Jua nalo linaila: ukiikunja na ikamwaga unga mweupe, nguvu yake imekwisha.

Nailoni inazama na inanyumbuka, inapunguza mshtuko wa mawimbi kwa nanga na kwa mbao za mbele. Milimita 10 inatosha boti ya mita 6, milimita 12 kwa mita 8. Adui yake ni ukingo wa mwamba, unaoikata kama kisu. Kwa hiyo sehemu inayogusa chini iwe mnyororo: wa milimita 6 una gramu 800 hivi kwa mita, wa milimita 8 una kilo 1.4. Mita 5 za mnyororo wa milimita 8 ni kilo 7, ambazo pia huilaza nanga ili ivutwe kwa mlalo badala ya kunyanyuliwa.

Mwenye plastiki tu na hana cha kubadili afunge risasi au jiwe la kilo 1 hadi 2 kwenye amari, mita 4 au 5 kutoka omo, yaani mbele ya chombo. Kamba inashuka wima na mtu anaweza kupita mbele yako salama. Ni kazi ya dakika moja, na sijui kwa nini haifanywi kila mahali.

Bolti ya kiungo kinachoshika mnyororo na nanga ifungwe kwa waya. Inajifungua yenyewe kwa kutikisika, na nanga nyingi zinazosemwa kuwa zimenasa zilibaki chini kwa sababu hiyo.

Urefu wa amari na maji ya bamvua

Kwenye pwani ya Tanzania na Kenya maji ya bamvua, yale makubwa, hupanda na kushuka kati ya mita 3 na 4. Maji mafu hayafiki nusu ya hapo. Hesabu ya amari hufanywa kwa kina cha maji yakijaa, ukiongeza kimo cha omo juu ya maji, halafu unazidisha. Mara 3 kwa kutua kidogo penye utulivu na mtu akiwa macho, mara 5 kwa kawaida, mara 7 kwa upepo mkali au amari ya kamba tupu.

Mfano. Umefika maji yamepwa, kina mita 3, omo iko nusu mita juu. Ukizidisha mara 5 hapohapo unapata mita 17.5 na unaona umetoa nyingi. Maji yakijaa kwa mita 3.5, kina na omo vinakuwa mita 7, na amari ile sasa ni mara mbili na nusu tu. Inavuta kwenda juu, nanga inang'oka, na hiyo huwa saa nane ya usiku. Urefu sahihi ulikuwa mita 35.

Tatizo la mita 35 ni kwamba maji yakipwa utazunguka duara kubwa. Penye nafasi si neno. Penye vyombo vingi una njia mbili: ufupishe na kurefusha kwa zamu, au uongeze mnyororo ili upunguze kamba. Njia ya kwanza inahitaji mtu asiyelala.

Jirani yako anazungukaje?

Vyombo vinavyofanana huzunguka pamoja na vinaweza kukaa karibu. Visivyofanana ndivyo hugongana. Yoti yenye mkuku mrefu na mnyororo mzito hufuata mkondo. Boti ya faiba tupu, yenye mwili mdogo ndani ya maji, hufuata upepo. Upepo na mkondo vikiwa upande mmoja kila kitu ni kizuri. Pale mlango wa Shela, Lamu, maji yanapotoka kukutana na kusi, yoti itaelekeza omo ndani na wewe utaelekeza nje, na nafasi kati yenu inaisha bila mtu kugusa kitu.

Kwa hiyo ukiwa karibu na chombo cha aina nyingine, acha umbali wa amari yako na yake zikijumlishwa, pamoja na urefu wa vyombo vyote viwili. Uliza. "Nahodha, shikamoo, umetoa amari mita ngapi, na nanga yako iko upande gani?" Mwenye yoti naye ataelewa swali hilo kwa ishara ya mkono. Aliyetangulia kutia nanga ndiye mwenye mahali. Aliyekuja baadaye ndiye anayehama, awe na mlingoti wa mita 15 au mtumbwi wa mwembe.

Ghuba ya Msasani iko wazi kaskazini. Wakati wa kusi imetulia na vyombo hukaa karibukaribu bila tabu. Kaskazi ikiingia mawimbi huja moja kwa moja, na umbali uliotosha Julai hautoshi Januari.

Omo, tezi, au zote mbili

Nanga ya omo peke yake ndiyo ya kuanzia. Nanga ya tezi (nyuma) peke yake, kwenye boti yenye injini nyuma, ni namna ya haraka ya kuzama: upande wa nyuma uko chini, una uzito wa injini na wa mtu, na mkondo ukivuta amari wimbi linaingia juu ya ubao. La pili halichelewi, kwa sababu boti imekwisha kuwa nzito. Anayetaka kuwakalia samaki kwa ubavu afunge amari omo, kisha avute kamba ya pili kutoka kwenye amari hadi katikati ya chombo, na aweze kuiachia kwa mkono mmoja.

Nanga mbili, omo na tezi, zinafaa kwenye mto mwembamba kama Mtwapa, ambako duara la kuzunguka lingeziba njia. Lakini kama majirani wote wako kwenye nanga moja, wewe uliyejifunga pande mbili ndiye utakayegongwa, kwani wao wanageuka na wewe hugeuki.

Boya la kudumu linashinda yote kwa mahali pa kila siku: duara ni dogo, halivunji matumbawe, kila mtu anajua lilipo. Linataka zege kubwa (kumbuka hesabu ya maji kulibeba), mnyororo wa milimita 12 na zaidi, na kamati ya ufuo, BMU, ikubali mahali. Mnyororo hukonda pale unapoinuka na kugusa chini kila wimbi. Mzamiaji aukague mara mbili kwa mwaka hapo hasa, kwa kuwa sehemu ya juu itaonekana mpya wakati ya chini imebaki unene wa msumari.

Mwenye tanga anahitaji nini

Sheria ya kimataifa ya 1972 ya kuzuia migongano baharini inamtaka mwenye tanga ampishe mvuvi ambaye nyavu au kaputi (mishipi mirefu ya ndoana nyingi) zake zinamzuia kugeuka. Wengi huishia hapo. Sheria hiyohiyo inasema anayekokota mishipi kwa injini hahesabiwi katika hao: ni boti ya injini tu, na yeye ndiye anayempisha mwenye tanga. Inasema pia mvuvi asizuie chombo chochote kinachopita kwenye mlango mwembamba, na kutia nanga humo kuepukwe kila inapowezekana. Kwa hiyo katikati ya mlango wa Lamu au wa Kilifi huna haki unayodhani unayo.

Yoti na mashua hazihitaji nafasi sawa. Yoti ikibisha inageuza omo kwenye upepo na kumaliza ndani ya urefu wake mara mbili au tatu. Mashua yenye foromali (mti unaobeba tanga) ndefu haigeuki hivyo: inashuka na upepo kwanza, foromali inasimamishwa na kupitishwa mbele ya mlingoti, tanga linajaa upande wa pili, na muda wote huo chombo kinapoteza makumi ya mita kuelekea demani, upande unakokwenda upepo. Ukitia nanga kwenye ukingo wa mlango pale mashua zinapogeukia, umekaa mahali pabaya kuliko katikati. Tazama mashua mbili zikipita kabla ya kuteremsha nanga, utaona zinageukia wapi.

Tena nahodha wa mashua ameketi tezi na tanga limemziba upande mzima wa demani. Hakuoni. Usingoje akuone, simama, inua kasia lenye kitambaa cheupe, piga kelele mapema.

Usiku, chombo kilichotia nanga kionyeshe taa moja nyeupe inayoonekana pande zote. Kilicho chini ya mita 7 kimesamehewa, ila si karibu na njia ya vyombo au maegesho, yaani si pale wavuvi wengi walipo. Taa iwe juu ya mti wa mita 2, maana taa ya chini inachanganyika na za ufukweni. Taa kali za dagaa hazitoshi badala yake: zinamlenga samaki, zinampofusha baharia, na hawezi kukisia umbali. Akija, zielekeze chini na umulike ubavu wa chombo chako kwa tochi. Usimmulike yeye machoni.

Uchague nini kwa kazi gani

Mtumbwi wa mshipi, mchana, ndani ya mwamba: nanga ya nondo kilo 3, mnyororo mita 2, kamba mita 40 yenye uzito wa kuizamisha. Jiwe likae kama akiba.

Boti ya faiba inayolala penye mchanga karibu na yoti: nanga ya bapa kilo 5 au 6, mnyororo mita 5 wa milimita 8, nailoni mita 50, taa juu ya mti. Ukipata boya, boya.

Boti hiyohiyo ikivua nje penye mawe: nondo kilo 7 yenye uzi wa kukatika, na ile ya bapa ibaki ndani ya boti tayari imefungwa kamba yake.

Na kwa vyombo vyote, mwisho wa ndani wa amari ufungwe dumu la njano la lita 5 lenye kifuniko, na fundo la omo liwe la kuachia kwa kuvuta mara moja. Jahazi likikujia na halina pa kugeukia, huna dakika tano za kuvuta nanga. Achia amari, piga makasia au washa injini upande ambao amari haipo, acha lipite, kisha urudi kuokota dumu lako. Fundo hilo lijaribiwe kamba ikiwa imelowa na imekaza, maana fundo linalofunguka ikiwa kavu mara nyingi halifunguki.